Swali la Kijana wa Mulanda

Mtu yule alipoingia darasani kwangu mara ya kwanza, nilidhani ni mzazi. Alikuwa mtu mzima, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama, hana begi, hana kalamu. Alipita kati ya madawati bila haraka, akaketi safu ya mwisho karibu na dirisha, akaweka simu yake mezani, kioo kikitazama chini. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa wengi na hawajajuana, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kumtazama.

Nilikuwa nikifundisha utangulizi wa sayansi ya siasa katika tawi dogo la chuo, mjini Tororo, upande wa Uganda. Nyumbani kwangu ni Busia, upande wa Kenya. Mume wangu ni wakala wa forodha pale mpakani, na kazi yake ni kuhangaikia karatasi za malori. Siku za kufundisha nilivuka asubuhi na kurudi jioni, na kwa watu wa Busia hilo halina ajabu yoyote. Kuna wanaovuka kwenda kusaga mahindi tu.

Somo la siku hiyo lilikuwa tofauti kati ya dola na serikali. Ni somo gumu kwa kijana aliyetoka sekondari juzi, kwa sababu katika maisha yake vitu hivyo viwili huja vimevaa kofia moja. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini nikiona macho yamelala huwa nahamia Kiswahili. Siku ile nilichukua mfano wa kavera, ule mfuko wa plastiki ambao Uganda kila muuza nyanya anao, na Kenya umepigwa marufuku.

"Ukiwa Busia ya Uganda na kavera yako," nikawaambia, "umebeba nyanya. Ukivuka barabara, umebeba kesi. Nyanya ni zile zile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?"

"Mpaka!" akasema mmoja.

"Polisi!" akasema mwingine, na darasa likacheka.

"Mnakaribia. Nyuma ya polisi kuna nini?"

Hapo ndipo kijana mmoja aliyetoka Mulanda, kijijini nje ya mji, alipoinua mkono. Alikuwa mrefu, daima alikaa mbele, na miguu yake ilikuwa haipati mahali chini ya dawati. Kila mwalimu humwomba Mungu ampe angalau mwanafunzi mmoja kama yeye, anayesoma kabla ya kuambiwa asome.

"Madamu," akasema, "sisi tukivunja sheria, dola inatukamata. Sasa yenyewe ikivunja, ni nani anaikamata?"

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Picha za wagombea zilikuwa zimebandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya soko, na watu walikuwa wameanza kupunguza sauti mikahawani wakitaja mambo fulani. Kule nyuma, mtu yule akaigeuza simu yake, kioo kikatazama juu.

Ni jambo dogo sana, mtu kugeuza simu, lakini chaki niliiweka chini. Nilijibu yale ambayo kila kitabu cha utangulizi hujibu: kuna mahakama, kuna bunge, kuna kura, kuna katiba inayosema mtu akikamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa arobaini na nane. Niliyasema yote kwa ufasaha, ila nilijishtukia katikati kwamba siongei na kijana aliyeuliza. Nilikuwa naongea na safu ya mwisho, kama mshtakiwa.

Kipindi kilipokwisha, mtu yule alikuwa ameshatoka.

Alirudi kipindi kilichofuata, na kilichofuata tena. Hakuniuliza kitu, hakuandika kitu. Sikuwa nimewahi kuogopa ubao kabla ya hapo. Nikiwa nyumbani naandaa somo, nilianza kupima maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nikijaribu kila moja kwa ncha ya mguu. Neno "uhalali" nililitoa. Mifano ya nchi jirani niliitoa. Mwisho nikawa nawasomea tu kutoka kitabuni, kichwa chini, na wanafunzi wakapiga miayo, na mimi nikaona afadhali miayo.

Nilimwendea mkuu wa idara. Alikuwa mzee mpole aliyebakiza muda mfupi kustaafu, mwenye desturi ya kuwakaribisha watu chai ya tangawizi kabla hawajasema shida yao. Siku hiyo alifunga dirisha kwanza.

"Madamu, darasa lako lina viti vingi," akasema. "Mtu akikalia kimoja, kinakupunguzia nini?"

"Lakini ni nani?"

"Mimi sijamwona. Na ukitaka ushauri wangu, wewe pia hujamwona."

Alisema hivyo kwa upole, hata kwa huruma, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Angefoka ningejua ni tabia yake tu. Chai yake niliiacha nusu.

Halafu wiki moja safu ya mwisho ikawa tupu. Mtu yule hakuja. Nilipumua, nikasimama wima, nikaanza hata kutania. Nilikuwa nimefika katikati ya somo ndipo macho yangu yalipoteremka safu ya mbele, nikaona dawati ambalo halina miguu mirefu chini yake.

Baada ya kipindi, binti mmoja aliyekuwa akikaa karibu naye alisubiri wenzake watoke. Akaja hadi mezani kwangu akijifanya anauliza swali la kitabu, kidole kwenye ukurasa.

"Madamu, walimchukua," akasema bila kuinua uso. "Alikuwa anafua nguo nje ya hosteli, asubuhi. Gari la vioo vyeusi. Walisema ni maswali kidogo tu."

"Lini?"

"Ijumaa. Nguo zake bado ziko kwenye kamba, madamu. Tumeogopa kuzianua."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni nilipofika mpakani, niliangusha pasipoti mbele ya dirisha la uhamiaji. Afisa, dada mmoja niliyezoea kumsalimia kila siku, aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni malaria inaninyemelea. Aligonga muhuri, akanipa pole. Nilikuwa nimemjua kwa miaka, lakini jioni hiyo nilimwangalia nikijiuliza anampelekea nani habari zangu.

Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho bila kugusa chakula. Si mtu wa maneno mengi. Kazi yake imemfundisha kwamba kila ofisi ina dirisha lake, na ukikosea dirisha unapoteza siku.

"Wewe ni mgeni kule," akasema. "Mgeni akinyang'anywa kibali chake, hakuna wa kumlilia. Nakuomba, mama watoto. Fundisha, rudi nyumbani."

"Na huyo mtoto?"

"Ana wazazi. Ana nchi yake." Akasukuma sahani kando, kisha sauti yake ikabadilika. "Wakikuchukua wewe, mimi nitaenda kuulizia dirisha gani?"

Nililala nikiwa nimeamua kwamba anasema kweli.

Kesho yake mama wa kijana alikuja chuoni. Nilimkuta amesimama nje ya ukumbi, amevaa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, la rangi ya zambarau lililofifia kwa kufuliwa, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa amemwuliza kila aliyepita mpaka akaelekezwa kwangu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha soko, cha mtu ambaye nyumbani huongea Kidhopadhola.

"Wewe ndio mwalimu ya mtoto yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema iko mwalimu mwanamke anatoka Kenya, anajua mambo ya sheria. Mimi sijui mtu ingine." Alishusha pumzi. "Nimekwenda pale kwa hawa watu, wanasema haiko. Nakwenda tena, wanasema haiko. Na mimi naona viatu yake pale kwa mlango! Ile nilishona na uzi ya bluu. Wanasema haiko."

Nilimwambia yote ambayo mtu mwoga husema. Kwamba mimi ni mgeni. Kwamba angetafuta wakili. Kwamba angeongea na uongozi wa chuo. Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa kwa heshima kana kwamba ninamsaidia, na nilipomaliza akasema:

"Sawa, mwalimu. Lakini hawa watu naongea Kizungu mbio mbio. Mimi nataka mtu ya kujibu tu. Wewe utajibu, mimi nitalia."

Nilimwomba anisubiri. Nikaingia darasani, nikafundisha kipindi kizima, na hadi leo sikumbuki nilifundisha nini. Nakumbuka tu kwamba kupitia mlango uliokuwa wazi nilikuwa naona pindo la gomesi, na kwamba kila nilipoligeukia lilikuwa pale pale. Kipindi kilipokwisha nilichukua mkoba wangu na kumwambia twende. Kama ningempigia mume wangu simu kwanza, nisingeenda, kwa hiyo sikumpigia.

Ofisi ya hao watu wa usalama ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua na maua ya waridi yaliyotunzwa vizuri. Hilo lilinitisha kuliko bunduki ya mlinzi. Ndani kulikuwa na meza ndefu, benchi la kungojea, na afisa kijana aliyekuwa akila karanga kutoka kwenye karatasi. Mama akaninong'oneza: viatu havipo tena mlangoni.

Nilisalimia, nikajitambulisha. Nilisema mimi ni mwalimu wa chuo, na huyu ni mzazi wa mwanafunzi wangu, na tumekuja kuulizia aliko.

"Haiko hapa," afisa akasema.

"Mama yake aliona viatu vyake hapa, afande."

"Viatu ni viatu. Wewe ni raia ya wapi?"

"Kenya."

Akaacha kutafuna. "Leta pasipoti."

Niliitoa. Aliichukua, akaifungua ukurasa mmoja mmoja, akaondoka nayo kwenda chumba cha nyuma, na mlango ukafungwa. Nimewahi kuumwa, nimewahi kuzaa kwa shida, lakini sijawahi kuhisi mwili wangu ukiwa mtupu kama nilivyohisi nikiitazama ile meza isiyo na pasipoti yangu. Nilianza kufikiria mambo ya kipuuzi: nguo za watoto nilizoloweka asubuhi, gesi kama niliizima. Mama aliushika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, wa mtu wa jembe.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka mtu ameshika kikombe cha chai. Lilikuwa shati lile lile, au ndugu yake, limepigwa pasi vile vile. Aliniona, akasimama, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

"Madamu! Karibu sana," akasema. "Lile somo lako la kavera lilikuwa tamu. Nilimsimulia mke wangu."

Nikasema asante. Ndilo neno lililotoka.

"Na leo umetuletea somo gani?"

Hakuwa amepandisha sauti. Nilijua ananipa nafasi ya kusema nimepita tu kusalimia, nichukue pasipoti yangu, nivuke, nipike chakula cha jioni. Nililiona jibu hilo likiwa limekaa ulimini tayari. Kando yangu mama akaanza kulia, kama tulivyokubaliana, ila hakuwa anaigiza. Alilia kwa sauti ya chini isiyokatika, akiwa ameketi wima, bila kuficha uso.

"Kijana wake alichukuliwa Ijumaa," nikasema. "Leo ni Jumatano. Saa arobaini na nane zimepita. Kama ana kosa, apelekwe kwa hakimu. Kama hana, tunaomba arudi nyumbani."

"Hayo ndiyo unawafundisha?"

"Yapo katika katiba."

"Katiba ya nchi gani, madamu? Maana wewe ni Mkenya."

"Ya kwako, afande."

Mara tu maneno yaliponitoka, nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Alinitazama kwa muda. Akanywa chai yake taratibu, akamtazama mama anayelia, kisha akasema tusubiri nje.

Tulisubiri chini ya ukuta, juani, kwa sababu kivuli kilikuwa upande wa mlinzi na hakuna kati yetu aliyetaka kukaa karibu naye. Simu yangu iliita: mume wangu. Nikaiacha ikaita hadi ikanyamaza. Mama alinisimulia habari za shamba, jinsi karanga zilivyokataa kuzaa mwaka huo, na jinsi kijana, alipokuwa mdogo, alivyowauliza mapadri maswali hadi wakamkimbia. Nadhani alikuwa ananifariji. Mimi niliye na shahada mbili nilikuwa naitikia "ee, mama, ee, mama," huku nikihesabu magari yanayoingia na kuangalia vioo vyake.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipomtoa. Alitembea mwenyewe. Alikuwa amevaa ndala zisizo zake, ndogo, visigino vikigusa mchanga. Hakukuwa na jeraha usoni. Ila alikuwa ameshika mkono mmoja kwa mkono mwingine, karibu na tumbo, na hakuinua macho hata mama yake alipomkumbatia na kumpapasa kichwa, shingo, mabega, kama anayekagua mtoto aliyeanguka mtini.

Afisa wa karanga alinirudishia pasipoti. "Hana kosa," akasema. "Alikuwa anatusaidia tu." Hakuna aliyeuliza alisaidia nini.

Niliwapandisha gari la Mulanda, nikavuka mpaka kabla giza halijaingia. Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amesimama langoni. Aliniona, akaingia ndani, na nikamsikia anawasha moto wa chai. Aliponiletea kikombe ndipo nilipoweza kulia. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimwogopea mwenzake, na hatukuongea habari hizo hadi siku nyingi baadaye.

Mwezi mmoja hivi ukapita. Kijana hakurudi darasani. Mkuu wa idara hakunisema, lakini alianza kunisalimia kwa mbali, na nilisubiri barua ya kufutwa kibali kila wiki. Haikuja. Kusubiri kitu kisichokuja kulinichosha kuliko kama kingekuja. Nilifundisha kwa hofu, ila niliacha kuwasomea kutoka kitabuni. Niliona kwamba woga wenyewe haupungui nikinyamaza, basi afadhali niogope nikiwa nafundisha kweli.

Jumamosi moja nilikwenda Mulanda kumwona. Nilimkuta shambani, mkono mmoja bado mzito, anapalilia mihogo pole pole. Mama alitupikia ugali wa wimbi na mboga za majani zilizoungwa kwa simsim, ule ufuta uliosagwa, akatuacha tukae wenyewe barazani. Kwanza tuliongea mambo ya mvua. Kisha akasema, akitazama vidole vyake:

"Madamu, walitaka jambo moja tu. Kila siku hilo hilo. Ni nani alinifundisha kuuliza lile swali."

"Ukawaambiaje?"

"Niliwaambia hakuna. Niliwaambia nimezaliwa nalo, wamwulize mama." Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Walitaka niseme jina lako, madamu. Walikuwa wameshaliandika. Nilitakiwa kuweka sahihi tu."

Mtu wa umri ule alikuwa amenifanyia jambo lile. Nilisema asante, neno lile lile nililompa mtu wa chai, na nikaona aibu kwamba lugha haina jingine. Akasema haidhuru. Akasema pia hatarudi kwenye siasa. Mjomba wake amempatia nafasi ya kusomea ualimu wa hesabu kwingine, mbali kidogo, ambako hakuna anayemjua.

"Hesabu haina maswali mabaya," akasema.

"Umeamua mwenyewe?"

Aliugusa ule mkono mzito. "Mkono umeamua," akasema. "Mimi nimekubali."

Mama alinisindikiza hadi barabarani, akiwa amenifungia karanga za kupeleka kwa watoto, zile zile zilizokataa, chache na ndogo. Kijana alirudi shambani. Tulipogeuka alikuwa ameshainama, jembe likipanda na kushuka kwa mkono mmoja. Siku hizi anafundisha shule ya sekondari, na sikukuu hunitumia salamu kupitia simu ya mama yake, kamwe si kupitia yake. Sijamwuliza kwa nini. Mimi bado navuka mpaka siku za kufundisha.